Siri ya Khabib haiko milimani

Pambano la Khabib Nurmagomedov na Conor McGregor, lililopigwa Las Vegas Oktoba 6, 2018, linakumbukwa kwa mambo mawili: kabali ya raundi ya 4 iliyomfanya Mwairishi agonge kusalimu amri, na Khabib kuruka ukuta wa kizimba muda huo huo kuwafuata watu wa kambi ya mpinzani. Vipande hivyo viwili vya video ndivyo wanavyotumiana mashabiki wa mchezo huu, wawe Makhachkala au Manundu, Korogwe. Raundi ya 1 haitumwi na mtu. Haina damu wala kishindo, na mtazamaji mgeni angedhani wanaume wawili wamechoka wakaamua kukaa chini. Khabib ameishika miguu ya McGregor, ameibana, na kwa sehemu kubwa ya zile dakika 5 haiachii. Anayetaka kujua kwa nini Warusi wametamba namna hii katika mapigano mchanganyiko, ile michezo ya MMA, aitazame raundi hiyo isiyo na mvuto, kisha airudie.

Ndani ya kazi hiyo kuna mtego mmoja ambao wachambuzi wameupa jina la pingu ya Kidagestani, kwa Dagestan, jamhuri ya Urusi anakotoka Khabib, na ukishauona mara moja huwezi tena kutazama pambano bila kuutafuta. Mtu ameangushwa. Amejikokota hadi ukutani na kuegemeza mgongo kwenye wavu, kwa sababu amefundishwa kwamba ukuta ni msaada: egemea, weka kiganja kimoja chini, sukuma, nyonga zipande, simama. Khabib anamwacha afike hapo. Wakati huo amekwisha kupiga magoti mbele yake na kuinasa miguu yote miwili ya mpinzani katikati ya miguu yake mwenyewe, imekazwa mapajani. Kimebaki kile kiganja kimoja kilichowekwa chini, ambacho ndicho nguzo inayobeba nyumba nzima. Mkono wa Khabib unazunguka nyuma ya kiuno cha mpinzani, unakidaka kifundo cha kiganja hicho na kukivuta kuelekea upande wa pili. Nguzo imeng'oka. Mtu analala ubavu, mkono wake mmoja umekwama nyuma ya mgongo wake mwenyewe, na uso umebaki na mlinzi mmoja tu mbele ya ngumi za mtu ambaye bado ana mkono huru. Hajavunjwa kitu. Hajakabwa koo. Ananyimwa tu haki ndogo ya kuweka kiganja sakafuni, na kila anapojaribu kuipata anatumia pumzi ambayo haitarudi. Novemba 2016, jijini New York, Michael Johnson alikaa katika hali ya namna hiyo huku Khabib akimpiga na kumsemesha, akimwambia aache tu kwa sababu yeye ndiye anayestahili kupigania ubingwa. Wote wawili walikuwa wa uzani wa kilo 70. Johnson hakuwa dhaifu: katika raundi ya kwanza ya pambano hilo ngumi zake zilimfikia Khabib sawasawa. Raundi ya 3 alisalimu amri, bega likiwa limepindwa.

Kinachosumbua akili ni hiki: Khabib hakitazami kifundo anachokidaka. Macho yake yako kwingine, au yamezibwa na kifua cha mpinzani, lakini vidole vinafika palepale, wakati uleule uzito wa mpinzani unapohamia kwenye kiganja. Akisubiri kidogo, kiganja kimeshasukuma na mtu amesimama. Akiwahi, hakuna cha kushika. Ujuzi wa aina hiyo haupatikani kwa kunyanyua vyuma wala kwa kukimbia, na mtu wa miaka 22 hawezi kuusoma kwenye video akaumiliki. Ngozi huufahamu kabla ya akili, na ngozi hujifunza utotoni, kwa kukumbatiana na kuangushana na watoto wengine wanaojua mtego huo huo na wanaokataa kunaswa. Hoja ya makala haya imesimama hapo. Wapiganaji bora wa Urusi ni zao la chumba cha mieleka kilichojaa watoto wengi kwa miaka mingi, na mwalimu ambaye hahami. Milima, damu na ugumu wa maisha ni maelezo tunayoyapenda kwa sababu hayatudai kitu.

Sauti inayoeleza jambo hili kuliko zote ni ya mzee mmoja ambaye hakuwahi kupigana katika UFC, ligi kubwa ya mapigano hayo. Abdulmanap Nurmagomedov, baba yake Khabib, alizaliwa mwaka 1962 katika kijiji cha Sildi, juu kabisa kwenye milima ya Dagestan. Alianza na mieleka, akajifunza judo na sambo, mieleka ya Kirusi, alipokuwa jeshini, kisha akarudi kufundisha. Mdogo wake, Nurmagomed, alikuwa bingwa wa dunia wa sambo mwaka 1992 akiiwakilisha Ukraine. Familia ilipohamia Kirovaul, kijiji cha tambarare, Abdulmanap aligeuza ghorofa ya chini ya nyumba yake kuwa ukumbi wa mazoezi, na watoto wake wakakulia juu ya sauti za watu wanaoangushana. Dunia nzima imeona ile video ya Khabib, mtoto wa miaka 9, akipigana mieleka na mtoto wa dubu. Baba alipoulizwa, alieleza kwamba lengo lilikuwa kupima moyo wa mtoto zaidi ya kumpa mazoezi. Maelezo hayo yanafaa kusikilizwa kwa makini, kwa maana mwalimu mwenyewe anatuambia kwamba dubu hakufundisha kitu. Mafunzo yalikuwa kule chini ya nyumba, kila siku, na hakuna aliyeyapiga picha.

Katika mazungumzo yake na waandishi Abdulmanap alirudia neno nidhamu kuliko neno ushindi. Baada ya ile vurugu ya Las Vegas, iliyomgharimu Khabib faini ya dola 500,000 na kufungiwa miezi 9 na kamisheni ya michezo ya Nevada, mzee alitangaza kwamba adhabu yake mwenyewe nyumbani ingekuwa kali kuliko ya Wamarekani. Siku chache baadaye baba na mwana walikutana na Rais Vladimir Putin, naye akamwomba baba asimwadhibu sana kijana. Rais wa nchi anamwombea msamaha bingwa wa dunia kwa baba yake! Mzee huyo alikuwa akinyimwa viza ya Marekani mara kwa mara, hivyo mapambano makubwa ya mwanawe huko aliyatazama kutoka mbali. Hilo halikuharibu kitu, kwa kuwa sehemu yake ya kazi ilikuwa imekwisha zamani. Wamarekani wa kambi ya San Jose walimpokea Khabib mwaka 2012 akiwa tayari bingwa wa dunia wa sambo ya mapigano mara mbili. Mwaka uliofuata alimwangusha Abel Trujillo mara 21 katika pambano moja, rekodi iliyoacha watu midomo wazi.

Pingamizi la kwanza linalosikika kila mahali ni milima. Watu wa Kaukasi, milima iliyo na Dagestan, husemwa, wamezaliwa na mapafu ya mlimani na damu ya vita. Korogwe imekaa miguuni pa Usambara, na Washambaa wamepanda na kushuka miteremko ya Bumbuli na Vuga vizazi kwa vizazi wakiwa na mizigo kichwani, lakini hakuna bingwa wa mieleka aliyeteremka kutoka huko. Tena Urusi yenyewe inalikana pingamizi hili. Fedor Emelianenko, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mzito bora kuliko wote, alikulia Stary Oskol, mji wa chuma na migodi usio na mlima wa kujivunia, naye ni Mkristo wa Orthodoksi. Alitwaa ubingwa wa ligi ya Pride mwaka 2003 kwa kumshinda Antônio Rodrigo Nogueira, akamshinda Mirko Cro Cop mwaka 2005, na hakupoteza tena hadi Juni 2010. Kitu anachoshiriki na Khabib si dini, kabila wala mwinuko kutoka usawa wa bahari. Ni judo na sambo za tangu utotoni, katika mtandao wa shule za michezo za watoto ulioachwa na Usovieti, ambako mzazi maskini angeweza kumpeleka mtoto bila kuuza ng'ombe.

Lipo pingamizi zito zaidi, nalo ni Petr Yan. Huyu anatoka Siberia, ameinukia kwenye ngumi, na mwaka 2020 alitwaa ubingwa wa UFC wa uzani wa kilo 61. Desemba 2025 aliurudisha kwa kumshinda Merab Dvalishvili, Mgeorgia ambaye kuangusha watu ndiyo kazi yake. Magomed Ankalaev naye, Mdagestani halisi, mwaka 2019 mjini Moscow alimmaliza Dalcha Lungiambula, mzaliwa wa Kongo anayeishi Afrika Kusini, kwa teke la mbele, ilhali Lungiambula ndiye aliyekuwa mwanajudo. Basi mieleka si kila kitu? Ni kweli, si kila kitu. Lakini tazama jinsi ushindi huo unavyopatikana. Yan aliweza kurusha ngumi kwa raha mbele ya Dvalishvili kwa sababu alijua kutoangushwa, na akiangushwa alijua kuinuka. Ankalaev anapiga mateke bila hofu kwa sababu mguu wake ukidakwa, anakokwenda ni nyumbani. Mpiganaji asiye na elimu hiyo hurusha teke moja akiwa amebeba hofu ya kulala chini. Wanaotaja dawa za kusisimua misuli nao wana hoja, na historia ya michezo ya Urusi imewapa silaha za kutosha. Dawa, hata hivyo, huongeza pumzi na misuli. Haimwambii mtu kiganja cha mwenzake kitatua wapi.

Hapa kwetu hoja inayojibiwa kwa shida zaidi ni ile ya nguvu. Vijana wanaokata mkonge Magunga na Ngombezi, wanaobeba magunia ya mahindi Mkata na Kabuku, wana mikono ambayo wanamichezo wa ukumbini huilipia. Husemwa kwamba wakipata nafasi tu, watafika. Ushahidi wa ngumi unaonekana kuunga mkono. Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, aliitwa kuziba pengo dhidi ya Sam Eggington huko Birmingham, Septemba 8, 2018, akamsimamisha raundi ya 2 mbele ya watu wa nyumbani kwake. Mwaka 2022, katika mji huohuo, Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walileta medali za shaba za ngumi kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola. Nchi hii inazipenda ngumi kiasi kwamba Karim Mandonga alipata umaarufu hadi Nairobi kwa kuzipa ngumi zake majina. Lakini ngumi ni mchezo unaomsamehe mtu aliyechelewa kuanza iwapo Mungu amempa kasi. Mieleka ya kizimbani haisamehi. Agosti 2025, Chicago, Dricus du Plessis wa Afrika Kusini, bingwa aliyekuwa amewavunja moyo wakali kadhaa kwa nguvu na ubishi, alikandamizwa na Khamzat Chimaev, Mchecheni wa kuzaliwa anayepigania bendera ya Falme za Kiarabu, kwa zaidi ya dakika 21 kati ya 25. Du Plessis alikuwa na nguvu zote zile. Hakujua pa kuziweka.

Kwa hiyo swali la Handeni na Korogwe si kama kuna vijana wenye nguvu. Ni kama kuna chumba. Michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, inafika kila kata, ila humo mtoto atakutana na mpira, riadha, wavu na netiboli kabla ya kukutana na mtu wa kumfundisha kuanguka bila kuumia. Mkeka rasmi wa mieleka ni ghali, hilo halina ubishi. Lakini Wasenegali wamejenga mchezo wao wa taifa juu ya mchanga, Wahindi wanapigana kwenye udongo uliolainishwa, na Waganda wamepigana mieleka yao ya kigwo tangu enzi za mababu bila kusubiri kontena bandarini. Mchanga mto Pangani unao. Chuo cha Ualimu Korogwe kinatoa walimu. Handeni ina kambi ya JKT Mgambo iliyozoea vijana wengi kwa pamoja. Vitu hivyo vyote vipo tayari kabla hatujaomba msaada wa mtu.

Wala si lazima elimu hii izaliwe upya. Sambo yenyewe ilisafiri ndani ya mwili wa mtu. Vasili Oshchepkov alisomea judo Kodokan, Tokyo, kwa Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, akapata mkanda mweusi mwaka 1913, akaipeleka Urusi, ikachanganywa na mieleka ya makabila ya huko. Mwaka 1937 serikali ya Stalin ilimkamata akafia mahabusu, na mwaka uliofuata mchezo alioupanda ukatambuliwa rasmi bila jina lake. Tawi lingine la mti huo lilitua Zanzibar, pale Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alipoanza kufundisha judo visiwani katika miaka ya 1990, na Tanzania ikapata mwanajudo wa kumpeleka Olimpiki: Andrew Thomas Mlugu alibeba bendera Rio 2016 na akaonekana tena Paris 2024. Medali haikuja, na anayebeza atalitaja hilo. Lakini pima umbali uliofikiwa na juhudi ndogo kama hizo, kisha jiulize nini kingetokea kumbi zikiwa 10 zinazopigana zenyewe kwa zenyewe kila Jumamosi. Hapo ndipo Dagestan ilipotuacha. Islam Makhachev alimpata Khabib wa kumwangusha tangu wakiwa wavulana. Mwaka 2022 akatwaa ubingwa uleule wa kilo 70 uliokuwa wa Khabib, na Novemba 2025 akaongeza wa kilo 77. Wapiganaji Umar na Usman Nurmagomedov wametoka katika ukoo wa Khabib, ukumbi huohuo. Bingwa ni matokeo ya watu wengi aliowashinda kabla jina lake halijajulikana.

Anayedhani jamii maskini haiwezi kuhifadhi kitu kigumu kwa muda mrefu bila chuo wala bajeti, aende Chogo, Handeni hapo hapo. Wazigua waliochukuliwa kwenda Somalia katika karne ya 19, wakati wa njaa kubwa, waliishi bonde la mto Juba zaidi ya miaka 150 wakizungukwa na lugha nyingine. Vita vya 1991 vilipowatoa, baadhi walirudi Handeni wakiwa bado wanasema Kizigua, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Hakukuwa na shirika lililowalipa kukitunza. Kilisemwa nyumbani, kila siku, na mtoto alikikuta kabla hajaweza kukikataa. Mieleka ya Dagestan imeishi kwa utaratibu huo huo, na ndiyo sababu haiwezi kuletwa kwa semina ya wiki mbili yenye fulana na vyeti.

Lakini utaratibu huo una bei ambayo mashabiki hawaitaji. Oktoba 2016, huko Grozny, watoto wa kiume wa Ramzan Kadyrov, kiongozi wa Chechnya, hakuna aliyezidi miaka 10, walipandishwa kizimbani bila kofia za kinga mbele ya umati. Fedor Emelianenko alilaani hadharani, na kwa kulaani akajitafutia uadui. Abdulmanap aliamini kwamba ukumbi humwokoa kijana asipotee katika siasa kali, na maisha yake yote aliyaweka rehani kwa imani hiyo. Alikufa Julai 3, 2020 kwa madhara ya korona. Khabib akapigana mara moja tu baada ya hapo, akamkaba Justin Gaethje, akaacha, kwa kuwa alimwahidi mama yake, akiwa ameshinda mara 29 bila kushindwa, ingawa baba alikuwa amepanga 30. Juni 2024 watu wenye silaha walishambulia makanisa, sinagogi na polisi huko Derbent na Makhachkala, na mmoja wa washambuliaji alikuwa mpiganaji aliyewahi kuhusishwa na klabu ya Khabib. Mmoja kati ya maelfu hathibitishi kwamba ukumbi unazaa magaidi. Anathibitisha kwamba nidhamu ya mwili haichagui inamtumikia nani, na mzazi wa Segera ana haki ya kuuliza ni nani atakayekuwa anazungumza na mwanawe baada ya mazoezi.

Kuna na jambo jingine, ambalo chumba kile cha Kirovaul hakikuwa nalo kabisa: wasichana. Khabib alipoombwa ushauri kwa wanawake, alijibu kwa mzaha kwamba wawe wapiganaji nyumbani kwao. Michezo ya shule Tanzania haiendeshwi hivyo, timu za wasichana zinapanda basi lilelile, na wanawake wa nchi hii wanapigana ngumi za kulipwa. Atakayetaka kumwaga mchanga wa mieleka Korogwe kwa mfano wa mzee Abdulmanap atalazimika kusema mapema, kabla ya lori la kwanza kushusha mzigo, kama Shule ya Sekondari ya Wasichana Korogwe imo kwenye hesabu au haimo.